Kitabu cha Mjerumani Kilivyonifanya Nifiche Sindano ya Mwanangu

Nina miaka sabini na saba. Ninaishi peke yangu Stanmore, London, katika fleti ya chini. Majirani zangu wengi ni Wahindi wa Afrika Mashariki kama mimi, wa Kampala, wa Kisumu, wa Dar es Salaam. Wananijua kama bibi mpole anayegawa kachori mwezi wa Ramadhani. Hawanijui.

Leo nitasema jambo ambalo sikuwahi kumwambia polisi, wala daktari, wala mama yangu mzazi mpaka akaingia kaburini. Ukitaka kunihukumu, nihukumu. Lakini nisome kwanza mpaka mwisho.

Nilizaliwa Kibokoni, Mombasa. Kwa wazee tulisema Kikachi, lugha ya mababu, lakini utani wetu wote na ugomvi wetu wote ulikuwa wa Kiswahili, na haya ninayoyaandika ni ya ugomvi. Nikaolewa Kampala na Nurdin, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Alikuwa mtu nadhifu, shati jeupe kila siku, kalamu mbili mfukoni. Wanafunzi wake wakimwona upande wa pili wa barabara walivuka kuja kumpa mkono.

Kisha Amin akatupa siku tisini tuondoke.

Tulitua Uingereza na masanduku mawili na binti yetu Yasmin, wa miaka minne. Tulikaa miezi kadhaa kambini, kwenye mabweni ya zamani ya jeshi, halafu tukapata vyumba viwili Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Mimi niliajiriwa kiwanda cha chakula cha ndege, kazi yangu kupanga kuku na viazi kwenye trei. Vyeti vya Nurdin vilikataliwa. Akaenda ghalani kubeba makasha. Msimamizi wake alimwita Charlie, kwa sababu eti jina la Nurdin lilimchosha ulimi.

Mume wangu hakulalamika hata siku moja. Laiti angelalamika... pengine kile kitabu kisingempata.

Yasmin alipofika miaka saba alianza kukonda. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na akarudia kukojoa kitandani. Hospitali walisema ni sukari, ile inayoshika watoto, na kwamba atadungwa insulini kila siku ya maisha yake. Nesi alinifundisha kudunga kwa kutumia chungwa. Siku zile bomba la sindano lilikuwa la kioo, nikilichemsha kwenye sufuria ndogo ambayo sikuipikia kitu kingine. Kila asubuhi nilitia matone ya mkojo wake kwenye kichupa, nikatumbukiza kidonge, yakatokota. Rangi ikiwa buluu, tumesalimika. Ikiwa ya chungwa, kuna hatari.

Miaka miwili tuliishi hivyo, na mtoto akanawiri. Aliimba kwaya ya shule. Nikimsemesha Kiswahili alinijibu Kiingereza, na mbele ya rafiki zake alinitaka niseme "vizuri". Ilinichoma, lakini ilinifurahisha pia. Mtoto mwenye kiburi ni mtoto mwenye afya.

Jumamosi moja kanisa la jirani liliuza vitu vikuukuu, na Nurdin akarudi na kitabu cha jalada la kijani. Kiliitwa Mwanga Ndani ya Damu. Mwandishi alikuwa Mjerumani, Ansgar Wiedholt, na chini ya jina lake iliandikwa kwamba kimetafsiriwa na Bi Pell.

Sijawahi kukutana na mtu barabarani aliyemsikia Mjerumani huyo. Si mtu mashuhuri. Lakini kitabu kilisema alikaa miaka saba milimani India akifundishwa na mabwana wa hekima, na kwamba ugonjwa ni giza ambalo roho ya mtu imelikaribisha yenyewe. Damu ina mwanga, kilisema, na chuma chochote kinachoingia kwenye damu huuzima. Mgonjwa afunge, apumue kwa hesabu, anyamaze. Giza litatoka lenyewe.

Kwa hesabu... hapo ndipo alipomnasa mume wangu! Kitabu kilijaa namba na michoro ya miduara, pumzi saba, mapigo kumi na mawili. Nurdin alikaa nacho mezani na penseli, akipiga mistari, kama alivyokuwa akisahihisha mitihani Kampala. Nilipomwona hivyo nilifurahi. Nilidhani mume wangu amerudi.

Mwishoni mwa kitabu palikuwa na anwani. Aliandika barua, na wiki haikwisha jibu likaja. Tukaalikwa chai Jumapili, nyumbani kwa Bi Pell mwenyewe, Lewisham.

Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo dhambi yangu inapoanzia.

Nyumba ilikuwa kubwa na ya zamani, na sebuleni walikaa watu kama kumi, Waingereza wote, waliojiita Duara. Bi Pell alikuwa na miaka sabini na kitu, mrefu, sauti ya chini. Nurdin alipoingia alisimama. Na wote wakasimama. Walimwita Mwalimu. Kisha yule bibi wa Kiingereza akanimiminia chai kwa mkono wake na kuniuliza kama nataka sukari moja au mbili.

Mimi, niliyekuwa nikiitwa "wewe pale" kiwandani tangu asubuhi mpaka jioni... Nilikunywa ile chai kama asali. Nilitaka Jumapili nyingine ifike upesi. Sitasema nilidanganywa tangu mwanzo, maana si kweli. Nilipenda.

Walimuuliza Nurdin habari za milima ya India. Alijibu ukweli kwamba amezaliwa Jinja na India hajawahi kuiona. Bi Pell akatabasamu akasema, "Damu yako inakumbuka." Miezi sita baadaye nilimsikia mume wangu akiwasimulia watu wale habari za pango na theluji na mzee aliyemgusa paji la uso. Uongo mtupu, kwa sauti ile ile aliyofundishia hesabu. Nilikaa pembeni na kikombe changu, nikanywa chai.

Siku moja tulikwenda na Yasmin. Saa ya dawa ilipofika nilimwomba Bi Pell maji ya moto nichemshe bomba. Akaliangalia bomba mkononi mwangu.

"Mtoto huyu unamdunga kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, asubuhi na jioni. Ana sukari."

"Hana sukari, Shirin. Ana woga wa mama yake. Unamwingizia woga wako kwa sindano."

Nurdin alikuwapo. Alifungua kitabu chake kwenye sura ya nne akaanza kusoma.

Tangu siku hiyo nyumba yangu haikuwa na amani. Mume wangu hakunipiga wala kunitukana. Alinieleza tu, kila jioni, kwa upole, kama mwanafunzi mzito wa kuelewa. Kila nilipomshika Yasmin mkono kumdunga, Nurdin alitoka chumbani.

Kazini nilikuwa na rafiki, Bi Mwanaisha, mtu wa Pemba, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mitano. Nilimweleza tukiwa kwenye mstari wa trei. Aliacha kazi yake akanigeukia.

"Nani aliyekwambia uache dawa?"

"Kitabu. Cha Mjerumani."

"Mwanangu, nisikilize. Kwetu Pemba waganga wapo tele, na waongo ndio wengi. Lakini hata yule mwongo kabisa anakwambia nenda hospitali, na kombe langu, maji ya aya, utalinywa ukirudi. Mganga anayekukataza hospitali huyo hataki kukuponya. Anataka kukumiliki."

Nilimwambia haelewi, kwamba watu hawa wamesoma. Bi Mwanaisha akageuka akaendelea kupanga viazi. Sijui kwa nini sikumsikiliza. Au najua. Yeye alikuwa mpanga trei kama mimi, na Bi Pell alikuwa na piano.

Likizo ya shule ilipofika, Nurdin alisema Bi Pell ameomba jambo moja tu. Siku tatu. Siku tatu bila sindano, mtoto afunge kidogo na apumue, na ikiwa hakuna mabadiliko hatatuuliza tena. Lakini sharti lake, mama mwenyewe aiondoe sindano kwa mikono yake, bila kulazimishwa.

Hakuna aliyenilazimisha. Asubuhi ya Jumamosi nililifunga bomba kwenye kitambaa, nikapanda juu ya kiti, nikaliweka juu ya kabati. Mikono hii inayoandika ndiyo iliyofanya. Nilijiambia, siku tatu ni nini? Nilichoka na ugomvi. Nilichoka kuwa peke yangu.

Jumamosi Yasmin alikuwa mchangamfu. Alifurahi kwamba hadungwi. Jumapili alianza kutapika, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilitaka kuteremsha lile bomba. Nurdin akanionyesha ukurasa. Imeandikwa, alisema, giza hutoka kwa harufu.

Jumatatu mchana Bi Pell alikuja na teksi kutoka Lewisham mpaka Hayes. Alivua glavu, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mwanangu.

"Amekaribia," alisema. "Msimkatishe."

Akavaa glavu zake akaondoka. Teksi ilikuwa ikimsubiri.

Kama saa moja baadaye Yasmin alianza kuvuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu anayepanda kilima. Alifumbua macho akanitafuta. Akasema, kwa Kiswahili, "Mama, nina kiu."

Ulikuwa umepita mwaka mzima hajanisemesha Kiswahili.

Nilitoka mbio bila viatu kwenda kwenye kibanda cha simu. Nurdin alisimama mlangoni akasema nikitoka nitakuwa nimevunja kila kitu. Nilimsukuma kwa bega. Ambulensi ilikuja upesi, na wale watu walifanya kazi yao, siwezi kuwalaumu.

Hospitali daktari kijana alituuliza swali moja. "Mara ya mwisho alidungwa insulini lini?"

Nurdin akajibu, "Leo asubuhi."

Daktari akanigeukia mimi, mama. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nilikuwa na ulimi. Nilifikiria jela. Nilifikiria kurudishwa, na hatukuwa na pa kurudishwa. Nikaitikia kwa kichwa.

Yasmin alifariki kabla jua halijatua. Alikuwa na miaka tisa.

Sijui kama ukweli wangu ungemwokoa saa ile. Miaka mingi baadaye nilimuuliza daktari mwingine, nikijifanya nauliza habari za mtoto wa jirani. Alisema pengine alikuwa amechelewa tayari. Pengine. Swali hilo nimelitafuna kwa miaka arobaini na sita na halilainiki.

Afisa wa polisi aliyekuja kuandika maelezo alikuwa mpole mno. Alisema ugonjwa ule ni mkatili, tusijilaumu. Majirani wakaleta biriani. Bi Mwanaisha alikuja kunikalia matanga siku tatu, akapika, akaosha, hakuniuliza kitu. Siku ya kuondoka alinishika uso kwa mikono miwili akaniangalia, na nikajua kwamba anajua.

Nilitegemea Nurdin avunjike. Nilitegemea akitupe kile kitabu motoni. Unajua alifanya nini? Baada ya arubaini alikaa nami mezani, amekaza uso, akaniambia Bi Pell ameeleza kilichotokea. Mtoto alikuwa amekaribia kabisa. Aliyemkatisha ni mimi. Shaka yangu ndiyo iliyomuua, na zile mbio zangu za kwenye simu.

"Alikwambia hivyo, na wewe umekubali?" nilimuuliza.

"Hesabu yake inakubali," alijibu.

Mwezi uliofuata alihamia Lewisham, kwenye chumba cha juu cha nyumba ya Bi Pell. Hakunipa talaka. Aliniacha tu, kama mzigo uliosahauliwa kituoni.

Ndugu zangu, kuna huzuni inayomlaza mtu na kuna hasira inayomwamsha. Mimi iliniamsha. Nilikuwa na kile kitabu cha kijani, alikisahau, na kila nilipokitazama nilijiuliza, wewe Wiedholt ni nani? Nani alikupa mamlaka juu ya damu ya mwanangu? Maktaba hawakumjua. Kamusi kubwa za watu mashuhuri hazikumtaja. Ndipo nikaamua kujifunza Kijerumani.

Msicheke. Nilijiandikisha masomo ya jioni. Mwalimu alituuliza kila mmoja sababu yake. Mmoja alisema biashara, mwingine ameposwa na Mjerumani. Mimi nilisema, "Kuna mtu nataka kusikia alisema nini." Ilinichukua miaka minne. Nilipanga trei huku nikinong'ona vitenzi vyao vinavyokimbilia mwisho wa sentensi.

Nilipoweza kuandika barua, niliiandikia ofisi ya mji uliotajwa kwenye kitabu kuwa alizaliwa humo. Wakanipa jina la mpwa wake aliyekuwa hai bado, Bi Hedwig, mshona nguo mstaafu. Nilisafiri kwa treni na meli, nikiwa nimejifunga hasira kama kibwebwe.

Nilitarajia kukuta nyumba ya mchawi. Nikakuta bibi mfupi wa miaka sabini na kitu, mwenye miwani, aliyenikatia keki ya tufaha na kuniuliza kama nasikia baridi. Nilimwambia nataka habari za mjomba wake aliyeishi India.

"India?" alisema. "Mjomba Ansgar hakufika hata Hamburg. Alikuwa karani wa mizigo pale stesheni."

"Na yule bwana wa hekima, yule ambaye picha yake iko kitabuni?"

Bi Hedwig alicheka. "Ile picha ilikuwa kwenye kopo la chai la mama yangu."

Kisha akauona uso wangu, akaacha kucheka. Nilimwambia kwa nini nimekuja. Nilimwambia yote, mpaka juu ya kabati. Yeye ndiye mtu wa kwanza duniani niliyemwambia, na nilimwambia kwa Kijerumani kibovu.

Alisogeza keki kando. Kisha akaleta sanduku.

Haya ndiyo niliyoyakuta. Wiedholt alikuwa na mtoto mmoja, Emil. Emil alishikwa na sukari, ile ile ya Yasmin, akiwa na miaka kumi. Lakini wakati ule insulini haikuwapo. Haikuwapo popote duniani! Madaktari walichojua ni kumnyima mgonjwa chakula ili asogeze siku. Baba alimfungisha mwanawe kwa amri ya daktari, miezi mitatu, mpaka akafa ngozi na mifupa. Mwaka uliofuata karani yule akaandika Mwanga Ndani ya Damu. Alikiandika kwa sababu dawa haikuwapo, na asingeweza kuishi bila kuamini kwamba mwanawe alikufa akielekea kwenye kitu.

Bado nilimchukia. Mlima wa uongo, bwana wa kopo la chai, babu zetu alioazima majina yao ili maneno yake yanunulike. Lakini sanduku lilikuwa na zaidi.

Miaka ilipopita yeye mwenyewe alishikwa na sukari. Na safari hii insulini ilikuwa imefika. Bi Hedwig, akiwa msichana, ndiye aliyekuwa akichemsha bomba la mjomba wake kila asubuhi. Karani yule aliyeandika kwamba chuma kinazima damu alidungwa kila siku, akaishi kwa sindano miaka zaidi ya kumi.

Alikuwa karani, na karani huweka nakala. Nakala ya barua yake kwa msichana wa London aliyekuwa akimtafsiria kitabu ilikuwamo. Niliisoma mara tatu ili nisikosee. Aliandika kwamba sura ya nne aliiandika akiwa na majonzi, kwamba ni makosa, ichomwe. Mtu mwenye dawa aitumie. Angekuwa na dawa hii, aliandika, Emil angekuwa mwanamume sasa.

Chini yake palikuwa na jibu, kwa mwandiko mwembamba ulioegemea kushoto. Mwandiko ule niliujua. Ulikuwa kwenye bahasha zilizoletwa nyumbani kwangu Hayes. Bi Pell alimjibu kwamba kitabu kimeshaanza kupendwa, na badiliko kama hilo litawavuruga watu. Angeihifadhi barua yake mpaka wasomaji watakapokomaa.

Wasomaji wakomae... Mwanangu alikuwa na miaka tisa.

Bi Hedwig alinipa barua zote mbili. Alisema, "Zichukue. Hapa zimelala tu."

Nilikwenda Lewisham Jumapili iliyofuata, saa ya chai. Nilifungua mlango mwenyewe. Walikuwapo wanane. Bi Pell alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amepita miaka themanini. Na kando yake, amevaa joho jeupe na kilemba, mume wangu. Nurdin, ambaye Kampala hakuwahi kuvaa kilemba hata siku ya harusi yetu.

Sikusalimu. Nilizisoma barua kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza, neno kwa neno. Nilipomaliza nikaiweka ile ya pili magotini kwa Bi Pell.

"Ni mwandiko wako?"

"Ni wangu," alisema Bi Pell, bila kutikisika. "Ansgar alikuwa amechoka. Zile sindano zilikuwa zimeshamlegeza. Aliyeandika kitabu hakuwa yule aliyeandika barua."

Nurdin aliinama kuutazama mwandiko. Nilimwona midomo inacheza, kama anayepiga hesabu kichwani.

"Barua hii ya Wiedholt," alimuuliza kwa sauti ndogo, "ulikuwa nayo siku ile uliyokuja Hayes?"

"Ilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu," alijibu Bi Pell. "Bado imo."

Watu watatu waliinuka wakachukua makoti yao. Mwanamke mmoja alikuwa analia. Waliobaki waliangalia zulia. Mimi nilitoka. Nurdin akanifuata mpaka kwenye ngazi za nje, akavuta mlango nyuma yake.

"Shirin, mimi siwezi kuondoka hapa."

"Kwa nini? Umesikia mwenyewe."

"Nikiondoka, nimemuua."

"Tumemuua, Nurdin. Mimi na wewe. Vua hiyo nguo twende."

Aliniangalia. Kwa kitambo kidogo macho yake yalikuwa yale ya mwalimu wa Kampala. Kisha akarudi ndani akaufunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mgonjwa.

Bi Pell alikufa, na Nurdin akaongoza Duara baada yake. Alikiuza kile kitabu, sura ya nne ikiwamo, akijua. Akijua! Alipougua moyo, hospitali ilinipigia simu kwa kuwa kwenye karatasi mimi bado nilikuwa mkewe. Nilimkuta ana mipira mkononi na puani, na nesi akaniambia ni mgonjwa mzuri, hakatai dawa hata moja. Nilikaa dakika tano. Aliniomba radhi kwa ishara ya mkono. Nilimwambia, "Mwombe Yasmin," nikachukua mkoba wangu. Watu wa dini wananiambia nisamehe. Sijaweza. Nikiweza, nitawajulisha.

Kwa nini nasema leo? Kwa sababu ya Ijumaa iliyopita.

Msikitini kwetu kuna mama kijana, mjukuu wa watu wa Jinja, na binti yake wa miaka sita ana sukari. Siku hizi watoto wana kifaa kidogo kimebandikwa mkononi kinachosoma damu kwenye simu. Mama huyo alinisogelea kwenye rafu za viatu akanionyesha video. Mwanamume aliyevaa vizuri, maua nyuma yake, anasema kwa sauti ya upole kwamba insulini huzima nguvu ya mwili wa mtoto na kwamba mababu wa India walijua dawa ya kufunga na kupumua. Ni Duara jipya, wasomaji wangu, bila chai wala piano. Watu laki ngapi wanaisikiliza sijui.

"Bibi, unaonaje?" aliniuliza. "Nimefikiria tujaribu siku tatu tu."

Nilimshika mkono, nikamketisha pale pale chini kati ya viatu, na nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza changu kinakuwa na adabu mno. Nilimwambia jina la mwanangu na mahali nilipopanda kiti. Alilia. Alinitazama kama muuaji, na sikumkataza. Kisha nikafuatana naye mpaka kwao, sikualikwa, nikakaa jikoni mpaka saa ya dawa ikafika na nikaona kwa macho yangu yule mtoto anadungwa. Alikunja uso kidogo tu, akaenda kutazama katuni.

Wazazi wenzangu, mimi sina elimu ya daktari. Nina hii tu. Mtu akikwambia uswali, swali. Akikwambia upumue, pumua. Akikwambia unywe majani ya dawa, kunywa. Lakini akikwambia umnyime mwanao dawa yake, awe Mzungu, awe ndugu yako, awe mumeo unayempenda, usimsikilize mpaka mwisho wa sentensi. Usikubali siku tatu. Usikubali hata moja. Na daktari akikuuliza, sema kweli, hata kama polisi wamesimama mlangoni.

Sasa nimesema. Anayetaka kuja kunikamata aje. Nitamfungulia.